Neno la Jirani katika Biashara

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyewafungulia waja wake milango ya riziki iliyo halali na akawaonya juu ya milango ya haramu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mliokusanyika nasi hapa Kisaki, nanyi mnaotusikiliza kwa redio huko Mvuha, Matombo, Mkuyuni, mjini Morogoro na kwingineko, twaziusia nafsi zetu kwanza, kisha twawausia ninyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na sokoni. Na sokoni twapataja kwa makusudi. Msikitini mtu hukaa muda mfupi, tena hukaa akiwa na udhu na wenzake wakimwona. Sokoni ndiko anakoshinda mchana kutwa, na huko ulimi wake hufanya kazi nyingi kuliko mikono yake.

Leo twapenda kuzungumza juu ya kazi moja ya ulimi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni ibada wala kuwa ni dhambi. Ni lile neno analolisema mtu anapoulizwa njiani: ni nani hapa anayeshona vizuri, ni wapi utapatikana mchele safi, ni fundi gani apewe mlango autengeneze. Hujibu kwa haraka, nenda kwa fulani, kisha hushika njia yake akasahau. Lakini neno lile halikusahau. Limekwenda kumpatia mtu mmoja riziki, na limeitia fedha ya mtu mwingine katika usalama au katika hatari.

Kisaki yetu, kama wengi mjuavyo, iko kusini ya milima ya Uluguru, kwenye bonde la mto Mgeta, jirani na pori ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, na tangu mwaka 2019 likawa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Anayetoka Morogoro kwa barabara hupita Kiroka, Mkuyuni, Matombo, Mvuha na Duthumi ndipo afike, na wakati wa masika safari hiyo humchosha hata mwenye gari zuri. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970 na kufunguliwa rasmi mwaka 1976, ilituletea stesheni, na pamoja na stesheni ilituletea mnunuzi tusiyejuana naye: abiria, mfanyakazi wa reli, mfanyabiashara wa ufuta na mpunga, mgeni wa mbugani.

Biashara zetu sisi wenyewe ni ndogo. Huyu ana cherehani moja barazani pa mjomba wake. Yule ana meza ya maandazi na birika la chai. Wa tatu ananunua ufuta debe moja moja mpaka ujae gunia, kisha gunia moja moja mpaka ipatikane shehena ya kupakiwa garini. Wengi wao hawana kibao mlangoni wala fedha za kutangaza. Kinachowaletea wateja ni vinywa vya watu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nasi hatuwakatalii wahenga wetu. Ila twasema kwamba kizuri hakina miguu. Mchele mzuri ulio ndani ya gunia huko Kisaki haumwiti mtu aliyeko Morogoro. Lazima awepo mtu aliyeula, akauridhia, akamwambia mwenziwe. Basi swali letu ni juu ya mtu huyu: anaposema neno lake, amesimama mahali gani mbele ya Mwenyezi Mungu?

Jambo hili si geni katika ardhi hii. Kabla ya reli na kabla ya barabara, palikuwapo hapa karibu mahali palipoitwa Zungomero, kituo kikubwa cha misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na jina la Gomero lingali linatumika Kisaki hadi leo. Wazungu wawili, Burton na Speke, walipita hapo mwaka 1857 wakakikuta kituo kimejaa wapagazi na wafanyabiashara. Misafara ile haikuendeshwa kwa fedha taslimu. Iliendeshwa kwa mkopo, na mkopo uliendeshwa kwa kuaminiana: mtu wa Unguja hutoa nguo na shanga, asimwone tena mdeni wake kwa mwaka au zaidi. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliukuza msafara wake kwa mali ya kukopeshwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja. Wala hatutaki kuisifu biashara ile kupita kiasi, kwa maana katika njia hizo hizo walipitishwa binadamu wenzetu wakiwa wamefungwa. Watu waweza kuaminiana wao kwa wao katika dhuluma, na kule kuaminiana kwao kusiwafae kitu Siku ya Kiyama. Tumekitaja kisa hiki ili ijulikane kuwa bonde hili limezoea tangu zamani kufanya biashara kwa neno la mtu.

Na tukitazama katika sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, twaona mambo yaliyo wazi zaidi. Kabla ya utume, Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alikuwa mfanyabiashara aliyetoa mali yake kwa watu waiuze naye awape sehemu ya faida. Alimtaka Muhammad asafiri na mali yake kwenda Sham kwa sababu sifa za ukweli na uaminifu wake zilikwisha kumfikia. Akamtuma pamoja na mtumishi wake Maysara. Msafara uliporudi, faida ilikuwa kubwa, na Maysara akaeleza yale aliyoyaona njiani. Tazameni tofauti ya habari hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa sifa ya mjini, ya kusikia. Ya pili ilikuwa habari ya mtu aliyesafiri naye, akala naye, akamwona akiuza na kununua. Ya kwanza ilimfanya Bibi Khadija atoe mali yake kwa jaribio. Ya pili ndiyo iliyotuliza moyo wake.

Na Sayyidna Abdur-Rahman bin Auf alipohamia Madina alikuwa mkimbizi, mali yake imebaki Makka. Mtume alimfanya kuwa ndugu wa Saad bin Rabii, mtu tajiri katika Ansari, naye Saad akajitolea kumgawia nusu ya mali yake. Abdur-Rahman alimwombea baraka, akamwomba amwonyeshe soko tu. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqaa, akaanza kwa jibini kavu na samli, na haikupita muda akawa na mahari ya kuoa. Watu hukitaja kisa hiki wakisifu bidii yake, na ni haki kuisifu. Lakini kuna upande wa Saad ambao twausahau. Mgeni haijui njia ya sokoni. Hajui ni siku gani, wala ni bidhaa gani inayotafutwa. Kule kumwelekeza tu, ambako hakukumpunguzia Saad hata dirham moja, kulikuwa ni mtaji. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 85, Mwenyezi Mungu ametufunza kwamba mwenye kumsaidia mwenziwe kwa neno jema hupata fungu lake katika wema ule, na mwenye kusaidia kwa neno baya hubeba fungu lake katika ubaya ule. Fungu lake, ndugu zangu, hata kama yeye hakuuza wala hakununua.

Hapa yatupasa tuseme jambo linalotuhusu sisi wenyewe, ingawa si la kutupamba.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mama mmoja mjane baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa amejikusanyia fedha katika kikundi cha kuweka na kukopa (na habari ya vikundi hivi, na nyongeza wanazotozana, ni hutuba ya siku nyingine), akataka kufungua mahali pa kuuzia chakula karibu na stesheni kabla ya msimu wa ufuta, wanunuzi wanapoingia kwa wingi. Alituomba tumtajie seremala wa kumtengenezea meza nne na mabenchi manane. Tukamtajia kijana mmoja aliyesoma katika chuo chetu, msomaji mzuri wa Qur'ani, asiyekosa safu ya mbele. Hatukusita hata kidogo. Mama akasema, kwa kuwa umesema wewe, Sheikh, mimi sina neno, akaenda akampa yule kijana kianzio kilichokuwa zaidi ya nusu ya bei.

Kijana alikuwa na deni mahali pengine, akalilipa kwa fedha ile. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Msimu wa ufuta ukaja ukaondoka, mama akipikia chini ya mwembe na wateja wake wakila wamechutama. Meza zilipoletwa zilikuwa za mbao mbichi, na baada ya wiki chache zikapinda. Tulipokwenda kuuliza katika mtaa, ndipo tulipoambiwa kwamba kijana yule alikwisha kuwafanyia hivyo watu wawili kabla yake. Tukauliza, mbona hamkusema? Mmoja akajibu, Sheikh, tulidhani wewe wajua. Mwingine akasema, hatukutaka kumharibia mtu riziki yake.

Siku ile tulikikumbuka kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ambacho tulikuwa tumekisomesha mara nyingi. Alikuja kwake mtu kutoa ushahidi, Umar hakuwa akimjua, akamtaka alete mwenye kumjua. Akasimama mtu, akasema yeye anamjua, ni mtu mwadilifu. Umar akamwuliza mambo matatu: je, ni jirani yako wa karibu, unayeona kuingia kwake na kutoka kwake? Akasema la. Je, umepata kufanya naye muamala wa dinari na dirham, ambao ndio unaoonyesha ucha Mungu wa mtu? Akasema la. Je, umepata kusafiri naye? Akasema la. Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Na katika baadhi ya mapokezi imeelezwa kwamba Umar alimwambia labda amemwona msikitini tu, akiinama na kuinuka.

Akiinama na kuinuka! Hayo ndiyo tuliyoyashuhudia sisi kwa yule kijana. Hatukupata kumpa kazi hata ya kigoda. Hatujawahi kumkopesha wala kumkopa. Tulishuhudia usomaji wake, na usomaji wake ulikuwa wa kweli. Lakini mama alituuliza habari ya meza, nasi tukamjibu habari ya safu ya mbele.

Na wale majirani walionyamaza, je, hukumu yao ni ipi? Wengi hudhani kunyamaza ni salama, kwamba kusema ni kusengenya. Sivyo. Bibi Fatima binti Qais alimwendea Mtume, rehema na amani zimfikie, akamweleza kwamba wamemposa Muawiya na Abu Jahm. Mtume hakunyamaza kwa kuogopa kuwaharibia. Alimweleza kwamba Muawiya ni maskini asiye na mali, na kwamba Abu Jahm si mtu wa kuweka fimbo yake chini, akamshauri aolewe na Usama bin Zaid. Kwa ajili ya hadithi hii na mfano wake, Imamu Nawawi na wanavyuoni wengine wameihesabu nasaha kwa anayetaka ushauri kuwa ni miongoni mwa mahali panaporuhusiwa kutaja aibu ya mtu. Lakini wameweka mipaka: aulizwe au aone mtu anaingia hatarini, aseme kiasi kinachohitajiwa tu, asiongeze, wala asikusudie kumshusha mwenziwe. Mwenye kuulizwa juu ya seremala atasema kwamba huchelewesha kazi. Hatasema kwamba pia mkewe alimkimbia.

Zaidi ya hayo, twaona watu wakichanganya mambo matatu ambayo sheria imeyatenganisha. Kumwelekeza mtu ni jambo moja: ukisema, seremala yupo nyumba ile, ila mimi sijui kazi yake, umefanya wema wala hakuna lawama juu yako. Kumshuhudia ni jambo jingine: ukisema, ni fundi mzuri na mwaminifu, umetoa ushahidi, na ushahidi una hesabu yake kwa Mwenyezi Mungu ijapokuwa mahakama haitakudai. Kumdhamini ni jambo la tatu, nalo ni zito. Ililetwa jeneza mbele ya Mtume ili alisalie, akauliza kama maiti ana deni. Alipoambiwa kuwa anadaiwa dinari na hakuacha cha kulipia, hakumsalia yeye mwenyewe mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Mwenye kusema, mpe mali, asipolipa nitalipa mimi, basi atalipa. Wangapi kati yetu wamesema maneno hayo katika baraza la kahawa, kisha siku ya kudaiwa wakasema kwamba walikuwa wakitia neno tu? Na mali kauli, ambayo ndiyo mtaji wa maduka mengi madogo hapa kwetu, hutolewa kwa maneno kama hayo. Ndiyo maana katika Suratul-Baqara, aya ya 282, tumeamrishwa kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Daftari la senti chache la muuza duka lina asili yake katika aya iliyo ndefu kupita aya zote za Qur'ani.

Sasa twaulizwa mara kwa mara: je, yafaa mtu kulipwa kwa kumletea mwenziwe mteja? Jibu ni kwamba ujira wa dalali, ukiwa umejulikana na kukubaliwa, hauna ubaya. Imamu Bukhari ametaja kwamba wakubwa katika wanavyuoni wa zamani, kama Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan, hawakuona ubaya katika ujira huo. Ubaya uko katika kuficha. Kijana wa bodaboda ambaye humshusha mgeni katika nyumba ya wageni akamwambia hii ndiyo nzuri kuliko zote, na nyuma ya mlango anapokea chake, ameuza ushahidi wake. Fundi anayemwongoza mwenye nyumba kununua mabati kwenye duka fulani kwa sababu anawekewa kile ambacho siku hizi huitwa cha juu, naye mwenye nyumba anadhani anashauriwa bure kwa mapenzi, amemdhulumu. Wala mdhamini asidai malipo kwa udhamini wake. Wanavyuoni walio wengi wamelikataza hilo. Na dalali anayempokea mkulima njiani kabla hajaijua bei ya soko, akamwambia ufuta umeshuka hali ya kuwa umepanda, huyo ameingia katika jambo ambalo Mtume alilikataza waziwazi alipokataza kuilaki misafara nje ya soko.

Kuna na sifa za uongo. Katika sheria huitwa najshi: mtu kupandisha bei au kuisifu bidhaa asiyotaka kuinunua, ili amghuri mwingine. Zamani ilifanywa kwenye mnada. Leo hufanywa kwa simu ya mkononi, picha za bidhaa zinapotumwa katika makundi, na rafiki wa muuzaji akajifanya mteja, akaandika kwamba amenunua na ameridhika. Ni najshi ile ile.

Tena wako wanaogeuza kule kuambiana kuwa ndiyo biashara yenyewe. Mtu haulizwi anauza nini. Huulizwa ataleta watu wangapi. Nchi yetu ililiona hilo katika mpango wa DECI, watu walipoambiwa wapande mbegu wavune, na mavuno ya waliotangulia yakawa ni fedha za waliofuata, hata mwaka 2009 Serikali ikausimamisha. Walioleta ndugu zao na majirani wao hawakuwa wezi, wengi wao. Walikuwa watu wema waliotoa ushahidi juu ya jambo wasilolijua. Hao ndio tunaowahurumia zaidi, maana walipoteza fedha, na pamoja nazo wakapoteza nyuso zao kwa jamaa zao.

Enyi ndugu Waislamu, neno la jirani likiwa lina nguvu kiasi hiki, basi kumnyima anayelistahiki nako ni dhuluma. Hapa petu kuna watu wasiokuwa na mtu wa kuwasemea: aliyehamia juzi, asiye na mjomba wala shangazi katika kijiji, binti yatima mwenye cherehani, mfugaji anayeuza maziwa. Kazi zao huenda ni nzuri kuliko za jamaa zetu, lakini anapokuja mteja, ulimi unaikimbilia damu. Katika Suratun-Nisaa hiyo hiyo, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na haki katika ushahidi hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hatukuambiwa tusiwape kazi ndugu zetu. Mpe nduguyo kazi yako kwa fedha yako ukitaka, na hiyo ni sadaka na ni kuunga udugu. Lakini mwenziwe anapokuuliza ni nani fundi bora, hakukuuliza ni nani nduguyo.

Wala jambo hili halina mpaka wa dini. Mtume na Sayyidna Abu Bakar walipohama, walimwajiri kiongozi wa njia Abdullah bin Uraiqit, naye wakati ule alikuwa katika dini ya Maquraishi. Walimkabidhi ngamia wao, wakaahidiana naye kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu, na maisha yao yakawa mikononi mwake, kwa sababu alijulikana kwa ujuzi na walimwamini. Basi Mkristo wa Matombo mwenye mdalasini na pilipili manga safi, tukiulizwa, tutamtaja, nasi twamtaraji atutaje sisi kwa mpunga wetu. Watani huibiana kuku na kutukanana msibani, na bado hununuliana bidhaa.

Nanyi wenye biashara, msidhani mazungumzo haya ni ya wateja peke yao. Neno jema haliombwi kwa kubembeleza, huchumwa. Hutoka kwa mteja wa kwanza aliyehudumiwa sawasawa. Mtume alipitia sokoni akatia mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua, naye akamwuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu watu wauone, kisha akawatenga wadanganyifu na umma wake. Sasa mwenye kuchanganya mchele wa zamani na mpya, mwenye kunyunyizia ufuta maji uongezeke uzito, mwenye kumlazimisha mkulima ajaze lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida, huyo akilia kwamba wateja wamemkimbia kwa husuda, aanze kwa kuutazama mkono wake. Na aliyechukua mali kauli akaona siku ya kulipa inafika naye hana, asizime simu. Aende kabla ya siku, na kidogo alichonacho, aseme hali yake. Tumewaona wenye maduka ya jumla wakimwongezea mali mtu wa namna hiyo, na wakamtaja kwa wenzao kuwa huyu hata akikwama hajifichi.

Tena msiogope kumpeleka mteja kwa jirani. Mwenye duka aliyeishiwa sukari, akamwambia mteja asubiri kesho, amemfunga mtu kwa faida ndogo. Akimwambia nenda kwa fulani, yeye anayo, na ni nzuri, mteja huondoka akijua jambo moja juu ya mwenye duka huyu ambalo hakulijua asubuhi.

Twarudi kwa yule mama. Tulikwenda nyumbani kwake tukamwomba radhi. Kisheria hatukuwa wadhamini, wala hakutudai. Lakini tulisaidia kununua mbao nyingine kwa kadiri ya uwezo wetu, kwa sababu tulijua fedha ile ilitoka mkononi mwake kwa ajili ya neno letu. Yule kijana tulimwita mbele ya wazee. Hatukumfukuza msikitini wala hatukumtangaza. Seremala mmoja mzee alikubali kumweka chini yake, kwa sharti kwamba fedha ya mteja isipite mkononi mwake mpaka kazi iwe imekwisha. Alifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Akalipa aliyodaiwa kidogo kidogo, na meza za yule mama alizitengeneza upya kwa mbao zilizokauka.

Na mwaka huu, kabla ya Ramadhani, tulikuwa tumekaa kwake tukinywa chai, akaja mgeni kumwuliza habari ya fundi wa milango na meza. Mama yule alifikiri kidogo. Akamtaja kijana, akasema: Meza zake ni hizi, zikalie uzione. Milango yake mimi sijapata kuiona, waulize waliomtengenezea. Na fedha yote usimpe mwanzoni.

Mgeni akacheka, akaelekezwa nyumba.

Twasema kauli yetu hii, na twamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu na kwa ajili ya Waislamu wote. Mwombeni msamaha. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.